Biskuti za Krismasi kwa unga wa keki wa boksi: unyime maji

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Desemba, karatasi hubandikwa kwenye chumba cha mapumziko kazini kwetu, kando ya mashine ya kahawa. Andika jina lako, andika aina ya biskuti, lete dazeni sita. Ndivyo Wamarekani wanavyobadilishana biskuti za Krismasi: kila mtu anaoka aina moja kwa wingi, siku ikifika mnakutana na makopo yenu, na kila mmoja anarudi kwake na biskuti za aina kumi ambazo hakuzioka. Mwaka wangu wa kwanza hapa Minnesota niliandika jina bila wasiwasi. Mimi mtoto wa Tanga, nimekulia kwenye visheti na kaimati, biskuti zitanishinda nini?

Halafu nikatazama ratiba yangu: zamu nne za usiku mfululizo, na siku ya biskuti ni asubuhi ya zamu ya mwisho. Nikapita dukani nikabeba maboksi mawili ya unga wa keki. Nikafuata maandishi ya nyuma ya boksi neno kwa neno, maji kikombe, mayai matatu, mafuta, kisha nikadondosha ule uji kijiko kijiko kwenye trei. Dakika kumi baadaye nilitoa ovenini kitu kimoja tu. Biskuti zote zilikuwa zimeshikana zikawa chapati moja pana ya vanila, imejaa trei ukingo kwa ukingo. Tuliila, ndiyo, lakini kwa kijiko.

Kilichoniangusha ni maji. Boksi limetengenezwa ili liwe keki, na kazi yako wewe mwoka biskuti ni kulizuia lisifike huko. Unalinyima maji, unalipunguzia yai, unalitoa ovenini kabla halijamaliza linachotaka kumaliza. Ukishika hilo, biskuti za Krismasi za boksi ni kazi ya saa moja na nusu, pamoja na kuosha vyombo.

Ndani ya boksi mna nini

Soma orodha ya viambato ubavuni. Utakuta sukari na unga wa ngano vinagombania nafasi ya kwanza, kisha wanga wa mahindi, chumvi, viumulishi vya jamii ya bekingi pauda, mafuta kidogo, ladha, na majina marefu marefu ambayo kazi yake ni kuyafanya mafuta na maji yakubali kukaa pamoja. Hayo majina marefu ndiyo yanayofanya keki ya boksi iwe laini hata ikipikwa na mtu asiyejua. Na ndiyo yanayofanya biskuti zake zibaki laini siku ya tatu, wakati za kwetu za unga na blue band zimeshakuwa ngumu.

Biashara hii ilianza na molasi, ile asali nzito nyeusi inayobaki miwa ikishatolewa sukari. Kampuni ya P. Duff and Sons ya Pittsburgh ilikuwa na molasi nyingi, ikabuni namna ya kuikausha pamoja na unga, na mwaka 1933 ikapewa hataza ya mchanganyiko wa keki ya tangawizi. Maboksi yakasambaa hasa baada ya Vita Kuu ya Pili. General Mills, kampuni ya hapa hapa Minneapolis, ilitoa ya kwake kwa jina la Betty Crocker mwaka 1947, nayo pia ilianza na keki ya tangawizi. Huyo Betty Crocker hajawahi kuzaliwa. Ni jina lililobuniwa mwaka 1921 na kiwanda cha unga cha Washburn-Crosby ili liwe sahihi chini ya majibu ya barua za akina mama waliokuwa wanauliza mambo ya jikoni. Najua watu wazima waliosikitika kuambiwa hivyo.

Turudi kwenye hesabu. Keki ya njano ya boksi la kawaida inadai kikombe kimoja cha maji, nusu kikombe cha mafuta na mayai matatu. Biskuti zinadai nusu kikombe cha mafuta na mayai mawili. Maji hakuna kabisa. Tofauti ya keki na biskuti ni kikombe cha maji na yai moja, basi. Bila maji yale, wanga haupati cha kuunywa ukavimba kama wa keki, sukari nyingine inabaki haijayeyuka, na unachopata ni kitu kizito chenye ukingo wa kutafuna na kitovu laini.

Kabla hujavunja yai, pima boksi

Hapa wengi wanaharibu bila kujua. Mapishi ya zamani, yale aliyokupa mama mkwe Mmarekani kwenye kadi iliyochakaa, yaliandikwa wakati boksi lina gramu 517. Baadaye likashuka hadi gramu 432. Sasa kuna maboksi ya gramu 375, sura ile ile, rafu ile ile. Ukitia mayai mawili na mafuta nusu kikombe kwenye la gramu 375, unga unakuwa laini mno na biskuti zinatambaa.

Vipimo vyangu vyote hapa chini ni vya boksi la gramu 432. Kama lako ni la 375, ongeza unga wa ngano wa kawaida gramu 55, yaani vijiko vya chakula 7 vilivyosawazishwa kwa kisu, na mengine acha kama yalivyo. Utamu utapungua kidogo. Kwa ulimi wangu huo ni uboreshaji, maana maboksi haya yana sukari ya kutosha kuamsha marehemu.

Chagua keki ya njano, nyeupe, chokoleti, ya ndimu, ya viungo, au ile nyekundu wanayoiita red velvet. Usichukue ile ya angel food. Ile huumuka kwa povu la ute wa yai na haikutengenezwa ichanganywe na mafuta, kwa hiyo kanuni ya hapa haifanyi kazi kwake.

Oveni na trei

Washa oveni nyuzi 350 za Farenhaiti, ambazo ni 175 za Selsiasi, angalau dakika 20 kabla. Kama oveni yako ina feni, shusha hadi 160. Oveni nyingi za nyumba za kupanga ni waongo. Nilipoweka kipimajoto kidogo cha dola chache ndani ya yangu, niligundua ikisema 350 inamaanisha 380, na ghafla nikaelewa kwa nini biskuti zangu zote zilikuwa na chini nyeusi.

Trei ya rangi ya fedha ni bora kuliko nyeusi, kwa sababu nyeusi inavuta joto na kuunguza chini. Tandika karatasi ya kuokea, usipake mafuta: trei iliyopakwa inasaidia biskuti kutambaa. Uwe na trei mbili, na usiweke unga kwenye trei iliyotoka ovenini muda huo huo. Siagi au mafuta yataanza kulainika kabla unga haujaona oveni. Wakati wa baridi mimi hutoa trei nje kwenye theluji dakika mbili tatu ikapoa. Wewe uliyeko Mwanza ipitishie maji ya bomba kwa nyuma.

Unga wa msingi, ambao zote zinatokana nao

Mahitaji ni haya:

- boksi 1 la unga wa keki, gramu 432
- mayai 2 makubwa, yasiwe ya baridi
- mafuta ya kupikia mililita 120 (nusu kikombe), ya alizeti au yoyote yasiyo na harufu
- vanila kijiko 1 cha chai

Chekecha unga wa boksi kwenye bakuli. Usiruke hatua hii. Unga umekaa dukani miezi, umefanya mabonge, na kwa vile hutatia maji ya kuyayeyusha, bonge linalobaki utalikuta mdomoni. Kwenye bakuli jingine piga mayai na mafuta na vanila kwa uma hadi vishikane rangi moja, kisha mimina juu ya unga.

Changanya kwa mwiko. Mashine ya kuchanganyia iache kabatini, kwani inaingiza hewa, na hewa ni rafiki wa keki. Mwanzoni utaona kama umekosea, unga mkavu pembeni, kimiminika katikati. Endelea kukandamiza na kugeuza kama unayesonga ugali mdogo. Baada ya dakika moja na nusu hivi unga unakusanyika, unang'aa kidogo, unashika mwiko na ukiuinua haudondoki. Hapo acha. Kishawishi cha kuongeza "tone moja tu la maziwa ili ulainike" kitakujia. Kikatae.

Kama unataka kutia vipande vya chokoleti, zabibu kavu, korosho zilizokatwakatwa au chenga za sukari za rangi nyekundu na kijani, ndio wakati wake, kikombe kimoja jumla. Funika, weka kwenye friji dakika 30. Unga wa boksi unaweza kuokwa papo hapo bila friji na watu wengi hufanya hivyo, lakini nusu saa hiyo inaupa unga muda wa kunyonya unyevu wa yai, na biskuti inatoka nene zaidi.

Finyanga vidonge vya gramu 18 hadi 20 kila kimoja, kijiko kimoja cha chakula kilichojaa. Boksi moja linatoa biskuti 30 hadi 36. Viache nafasi ya vidole vitatu katikati. Trei moja isizidi kumi na mbili.

Sasa, kabla ya kuoka dazeni nzima, oka moja. Moja tu, katikati ya trei, dakika tisa. Hiyo ndiyo mjumbe wako. Ikitambaa ikawa bapa, ongeza vijiko viwili vya unga wa ngano kwenye bakuli na urudishe friji. Ikikaa kama kichuguu bila kupanuka, basi vidonge vilivyobaki vibonyeze kidogo kwa chini ya glasi kabla ya kuoka. Ikitoka na matundumatundu kama keki, umetia yai kubwa mno au boksi dogo, na dawa ni ule ule unga wa ngano. Ni dakika kumi unazopoteza, ukilinganisha na chapati yangu ya vanila.

Kuoka kwenyewe ni dakika 8 hadi 10, na hapa ndipo panapotaka moyo. Biskuti iliyo tayari haionekani iko tayari. Ukingo umekaza na umepoteza mng'ao, lakini katikati bado pamevimba, pana unyevunyevu, na ukipagusa panabonyea. Toa. Usisubiri zipate rangi ya dhahabu kote, maana zikifika hapo ovenini zitakuwa mawe zikipoa. Ziache juu ya trei dakika tano, joto la trei linamalizia kupika kitovu, zinashuka na kufanya mikunjo midogo juu. Ndipo uzihamishie kwenye wavu.

Nyekundu zenye nyufa

Hizi ndizo biskuti za Krismasi zinazopigwa picha kuliko zote: nyekundu ndani, nyeupe nje, zimepasuka kama udongo wa kiangazi. Chukua boksi la red velvet, mayai mawili, vanila, lakini mafuta yapunguze hadi mililita 80, theluthi ya kikombe. Unga unatakiwa kuwa mgumu zaidi. Friji saa nzima, hapa hakuna njia ya mkato.

Andaa sahani mbili, moja ya sukari ya kawaida, nyingine ya sukari ya unga, ile ya aisingi. Finyanga kidonge, kizungushe kwanza kwenye sukari ya kawaida, kisha kwenye sukari ya unga hadi kipotee kabisa ndani ya weupe. Watu wengi huruka ile ya kwanza, halafu wanalalamika weupe umeyeyuka ovenini na biskuti zimetoka na madoa ya pinki. Chembe za sukari ya kawaida zinakaa kama ukuta kati ya unyevu wa unga na sukari laini ya nje. Na tia nyingi. Ukiona umezidisha, bado.

Oka dakika 10. Nyufa zinatokea kwa sababu uso unakauka mapema kwa ile sukari, wakati ndani bado panavimba, kwa hiyo ngozi inapasuka. Oveni isipokuwa na moto wa kutosha, uso haukauki kwa wakati na unapata biskuti laini isiyo na ufa hata mmoja. Kama zako hazipasuki, usihangaike na unga. Kagua oveni.

Za iliki, ambazo ndizo zangu

Mwaka wa pili niliacha kuiga. Nilichukua boksi la keki ya njano, nikaacha mafuta nikatia siagi gramu 115 iliyoyeyushwa na kupozwa, mayai mawili, halafu vijiko viwili vya chai vya iliki niliyoimenya na kuitwanga mwenyewe, na robo kijiko cha chai cha kungumanga. Iliki ya unga ya dukani iliyokaa kwenye chupa miaka miwili haina inachokwambia, twanga yako. Chumvi nikaongeza chembe, maana siagi yangu haikuwa na chumvi. Friji dakika 45, kwani siagi iliyoyeyuka inatambaa kuliko mafuta. Juu ya kila kidonge nikabandika nusu ya korosho.

Nilidhani nitarudi nazo nyumbani. Lakini Minnesota imejaa wajukuu wa Wanorwe na Waswidi, na watu hao, jambo ambalo sikulijua kabisa, wanatia iliki kwenye mikate yao ya Krismasi tangu enzi za mababu. Bibi mmoja kati ya wazee tunaowatunza, anayekaribia miaka tisini, alikula moja akafumba macho, akaniuliza nani amenifundisha biskuti za mama yake. Nikamwambia, bibi, hizi zimetoka Tanga. Akasema haiwezekani. Tuliendelea kubishana hadi zamu ikaisha.

Kwa wapenda tangawizi: boksi la keki ya viungo, unga wa msingi kama ulivyo kwa mafuta, ongeza vijiko viwili vya chai vya tangawizi ya unga, kimoja cha mdalasini, na karafuu iliyosagwa ncha ya kisu tu. Karafuu ikizidi, mdomo unakufa ganzi kama umetoka kwa daktari wa meno. Kijiko cha chakula cha molasi kinapendezesha rangi, na kwa sababu ni kimiminika, kifidie kwa kijiko cha unga.

Za haraka kuliko zote

Boksi la keki ya ndimu, yai moja, na kopo la gramu 226 la Cool Whip, krimu ya povu inayouzwa ikiwa imegandishwa, iliyoyeyuka barafu. Hakuna mafuta. Changanya, dondosha kwa kijiko ndani ya sukari ya unga, zungusha, oka dakika 10 hadi 12. Unga wake unanata vibaya, utakung'ang'ania vidoleni kama ubani, kwa hiyo tumia vijiko viwili na usiuguse kwa mkono. Zinatoka nyepesi, karibu kama povu. Mimi si mpenzi wake, lakini kwa mtu aliyetoka kazini saa kumi na mbili na anatakiwa mezani saa mbili, hakuna nyingine.

Watoto wakitaka nyota na kengele

Ushauri wangu wa kweli: usikate maumbo kwa unga wa boksi. Ndani yake mna viumulishi vya keki, na nyota inayoingia ovenini na ncha tano inatoka ikiwa duara lenye kumbukumbu ya ncha. Lakini watoto hawasikilizi ushauri, kwa hiyo fanya hivi. Boksi la keki nyeupe, unga wa ngano gramu 90, siagi laini isiyoyeyushwa gramu 115, mayai mawili, vanila. Kusanya uwe donge, libonyeze liwe bapa, lifunge, friji saa mbili. Sukuma katikati ya karatasi mbili za kuokea hadi unene wa milimita 6, usiwe mwembamba. Kata, kisha weka trei yote kwenye friza dakika 15 kabla ya kuoka, maana umbo lililoganda linakaza ukingo kabla siagi haijakimbia. Dakika 8 au 9 zinatosha.

Chagua maumbo manene: nyota, kengele, moyo, mti. Paa mwenye miguu minne myembamba atatoka kilema, na mtoto atalia.

Ya kupaka juu, changanya sukari ya unga gramu 120 na kijiko kimoja cha chakula cha maziwa au maji ya ndimu. Ikiwa nzito, ongeza kwa matone. Tone moja linageuza hali zaidi ya unavyodhani. Paka biskuti zikiwa baridi kabisa, ziache wazi saa kadhaa zikauke kabla ya kuzipanga.

Ukiwa Nairobi, Denver au popote pa juu

Maboksi mengi ya Marekani yana maelekezo madogo ya walioko futi 3,500 hadi 6,500 juu ya bahari. Nairobi, takriban mita 1,800, imo humo, na Denver vilevile. Huko hewa ni nyepesi, gesi inavimba haraka, maji yanakauka mapema, na biskuti zinatambaa kisha zinabonyea. Ongeza vijiko viwili vya unga wa ngano kwa boksi, pandisha oveni hadi 185 za Selsiasi, na anza kuchungulia dakika moja mapema. Mombasa na Dar huna shida hiyo. Shida yako ni joto la jikoni linaloyeyusha unga mezani, kwa hiyo finyanga nusu, nusu nyingine ibaki kwenye friji.

Na kama boksi halipatikani, au linauzwa bei ya kuku, changanya lako: unga wa ngano gramu 215, sukari laini gramu 190, wanga wa mahindi gramu 15, bekingi pauda vijiko viwili vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Chekecha mara mbili. Ni karibu gramu 432, na linakubali mapishi yote ya hapa isipokuwa ya red velvet, ambayo itakudai kakao na rangi. Halitakuwa na yale majina marefu, kwa hiyo biskuti zitakauka mapema zaidi. Kuleni siku mbili za kwanza.

Kulamba mwiko, na majirani wasiokula kila kitu

Usilambe. Najua sote tulilamba tukiwa watoto, lakini unga wa boksi ni unga mbichi. Haujapikwa kiwandani, na yai si hatari pekee iliyomo bakulini. Mwaka 2021 mamlaka za afya za Marekani zilichunguza watu waliougua kwa bakteria wa E. coli na njia ikawapeleka kwenye unga wa keki wa boksi, baadhi yao wakiwa wamekula mbichi. Mpe mtoto sahani ya chenga za sukari ajipakie mdomoni, bakuli aliache.

Kama una majirani Waislamu, angalia mapambo. Gelatini ya marshmallow za Marekani, zile peremende laini kama sponji, mara nyingi hutokana na nguruwe, na vanila ya majimaji kwa kawaida imelowekwa kwenye pombe. Tumia vanila ya unga, au iache, iliki inatosha. Na andika kikaratasi kando ya kopo lako: kuna yai, maziwa, ngano, korosho, na soya, ambayo imo kwenye maboksi mengi. Huku mtu mwenye mzio wa korosho hakuulizi, anasoma.

Kupanga usiku wako

Kwa dazeni sita unahitaji maboksi mawili, na la tatu la akiba. Mimi huchanganya unga wiki mbili kabla, siku ya mapumziko, nafinyanga vidonge, navigandisha kwenye trei kisha navitia kwenye mfuko ndani ya friza. Siku ya kuoka vinatoka friza kwenda ovenini moja kwa moja, unaongeza dakika moja au mbili. Zile za nyufa zizungushe kwenye sukari siku hiyo hiyo, zikiwa zimelainika kidogo nje, la sivyo sukari haishiki.

Zilizookwa zinakaa siku tano kwenye kopo linalofunga vizuri, na kwenye friza miezi mitatu. Usifunike zikiwa na joto hata kidogo, mvuke utalowesha sukari ya unga na asubuhi utakuta ute wa pinki. Tenganisha matabaka kwa karatasi. Za tangawizi zikae peke yake, harufu yake inahamia kwa jirani. Zikianza kukauka, tia kipande cha mkate mweupe ndani ya kopo usiku mmoja: mkate utakuwa mgumu, biskuti zitalainika.

Zilizovunjika usizipeleke kazini. Zitwange kidogo, mwagia juu ya aiskrimu, na ule kabla watu wa nyumbani hawajaamka.